Taa ya Mutahi, Jiko la Wachuka

Kahawa ilipopanda bei ghafla mwaka wa sabini na sita, watu wa Gakindu walifanya mengi. Kuna aliyeoa mke wa pili. Kuna aliyenunua lori, likamfia mikononi kabla mwaka haujaisha. Peterson Mutahi yeye alileta stima.

Nyaya zilikuwa zimeshafika kwenye kiwanda cha kahawa kule bondeni, na boma lake lilikuwa juu kidogo ya kiwanda, kwenye mgongo wa kilima. Akalipia nguzo za kupandisha nyaya hadi kwake, akamleta fundi kutoka Nyeri mjini, na jioni ya kuwashwa, ua ulijaa majirani kana kwamba kuna harusi. Fundi alipomuuliza taa ya kwanza iwekwe wapi, Mutahi hakusema sebuleni wala chumbani. Alisema, "Barazani. Ielekee ng'ambo."

Basi balbu kubwa ikawekwa barazani ikielekea ng'ambo ya bonde, na tangu jioni hiyo haikukosa kuwaka hata siku moja. Watu walielekezana njia kwayo. "Ukifika chini ya taa ya Mutahi, kata kushoto." Mwenyewe alipenda kutoka na kikombe chake cha chai baada ya chakula, akaketi chini yake kimya, miguu ameinyoosha.

Mkewe Wachuka alijua kwa nini. Zamani, wakati wa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, Mutahi akiwa kijana mdogo, wao na jirani zao walitolewa mashambani wakasongamanishwa katika kijiji kilichozungushiwa handaki na miti iliyochongwa ncha. Giza likiingia ilikuwa marufuku kutoka, na marufuku mwanga kuonekana. Askari alipita akigonga milango: zima! Dada yake mdogo alishikwa na homa, na mama yao akamuuguza gizani kwa kupapasa, hata kulipokucha wakaona kwamba kwa muda mrefu walikuwa wakimpapasa maiti. Mutahi alimsimulia Wachuka jambo hilo mara moja tu, kabla hawajaoana, akamwambia kwamba siku moja atakuwa na taa ambayo hakuna mtu duniani atakayemwamuru aizime.

Wachuka naye alikuwa na chake. Alizaliwa Kianyaga, akakulia katika jiko la mawe matatu lisilo na dirisha. Moshi ulimla mama yake macho polepole, kama nondo alavyo blanketi. Kufikia Wachuka kuolewa, mama yule, Wacera, alikuwa akiwatambua watoto wake kwa sauti. Kwa hiyo Mzungu mmoja wa huko Kiganjo alipotangaza kwamba anauza vyombo aondoke zake, Wachuka hakumpa mumewe nafasi ya kupumua mpaka likaletwa jiko la stima: jeupe, sahani nne za kupikia juu, na mlango wa kuokea chini. Siku ya kwanza aliyopika chai bila kukohoa, aliketi kwenye kigoda akalia, watoto wakadhani ameungua.

Hivyo ndivyo walivyoishi, kila mmoja na pendo lake, na hakuna aliyeuliza linakula nini. Kahawa ilikuwa inalipa.

Halafu kahawa ikaanguka. Ikaanguka kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi, na wakati huohuo mafuta yakapanda ulimwenguni kote, na stima ikapanda nayo. Bili ya kwanza iliyowashtua waliilipa kwa hela za maziwa. Ya pili wakailipa nusu. Ya tatu ilikuja pamoja na karatasi ya onyo: lipeni, la sivyo tutakata.

Mutahi aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja, akaitia chini ya redio. "Tuchukue kwa karo ya Murugi," alisema. "Kiwanda kikilipa, tutarudisha."

Murugi, mzaliwa wa kwanza, alikuwa kidato cha pili. Alikuwa mezani akifanya hesabu. Hakuinua uso, lakini kalamu yake ilisimama.

"Karo ya Murugi haiguswi," Wachuka alisema.

"Basi watukate?"

"Hawatatukata. Zima ile taa yako ya barazani. Inawaka mpaka alfajiri kama taa ya hospitali, na sisi wote tumelala. Inamwangazia nani? Fisi?"

Wachuka alitamani kulirudisha lile neno la fisi, lakini neno likishatoka halina mkia wa kulivutia. Mumewe akachukua kikombe chake akatoka nje, akaketi chini ya mwanga wake. Siku tatu hawakusemezana ila kwa njia ya watoto.

Katika siku hizo za kununiana alikuja Ogutu, yule kijana kutoka Siaya aliyekuwa akizungukia maboma yenye stima kusoma mita. Alikuwa na haraka, na koti lake lilikuwa limelowa ukungu. Wachuka alimpa chai, akamuuliza kwa Kiswahili, kwa maana hicho ndicho walichoelewana, "Ogutu, niambie ukweli. Hii stima yetu inaibiwa?"

"Hapana, mama. Hakuna mtu anaiba."

"Basi inaenda wapi?"

"Hiyo mimi siwezi jua. Mimi nasoma namba, naandika, naenda." Alipuliza chai yake. "Lakini ukitaka kuona, angalia hapa. Hii kitu inazunguka ndani ya kioo, uko na macho, si unaiona? Ikienda pole pole, munakula kidogo. Ikikimbia, munakula mingi. Zima kila kitu, halafu washa moja moja. Itakuambia yenyewe."

Jumamosi iliyofuata Wachuka aliwaita wote. Alimwambia Gatimu, aliyekuwa darasa la sita, asimame kwenye mita pamoja na kitinda mimba, Wacera mdogo. Murugi akapewa kazi ya kwenda chumba hadi chumba. Hata Mutahi alikuja, mikono mgongoni, kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi na anajua kwamba kesi ni yake.

"Tuanze na ya barazani," Wachuka alisema.

Murugi akawasha. Ndani ya kioo, gurudumu jembamba la bati lenye alama nyekundu likaanza kusogea, polepole, kama konokono anayepanda ukuta. Ile alama ilipotea nyuma, na walikuwa wameshachoka kungoja ilipochungulia tena upande wa pili.

"Ndiyo hiyo tu?" Mutahi aliuliza.

"Subiri," Wachuka alisema.

Wakawasha pasi. Gurudumu likapata miguu. Wakaiwasha hita ndogo ambayo Mutahi alikuwa akiipashia miguu mwezi wa saba, likaenda mwendo wa mtu mwenye shughuli. Wakazima vyote. Kisha Murugi akaingia jikoni, akawasha sahani mbili za jiko jeupe, zile mbili ambazo mama yake alizitumia kila siku ya Mungu kuchemshia githeri, mahindi yao na maharagwe, kuanzia asubuhi hadi mchana.

"Linakimbia!" Wacera mdogo alipiga kelele, akirukaruka. "Mama, njoo uone, linakimbia!"

Wachuka alikuja akaona. Alama nyekundu ilikuwa haionekani tena kama alama. Ilikuwa ikipita na kupita. Alisimama pale na leso mkononi, uso unamwaka moto. Alijua Mutahi yuko nyuma yake. Alimngojea acheke, kwani ilikuwa haki yake. Mutahi hakucheka. Alikohoa tu, akasema, "Wazime sasa, tusije tukalipia na jaribio," akaenda kuwakatia ng'ombe majani.

Mchana kutwa Wachuka alifanya kazi bila kusema. Angeweza kunyamaza moja kwa moja. Watoto wangesahau, na mumewe hakuwa mtu wa kusimanga. Lakini Wachuka alikuwa mwanamke ambaye akishaona kitu hawezi kujifanya kipofu. Alikuwa amemwona kipofu wa kweli. Jioni, chakula kilipoliwa, alisema, "Nililaumu taa, kumbe mlaji ni jiko langu. Kuanzia Jumatatu, githeri, maji ya kuoga, chakula cha nguruwe, vyote vitapikwa nje kwa kuni. Stima ibaki ya kuwaangazia watoto wanaosoma, na ya pasi."

"Pasi mara moja kwa juma," Murugi alidakia haraka, kama mtu anayeogopa kuachwa nyuma. "Nitapiga pasi sare zote Jumapili, ikishapata moto mara moja."

"Na mimi nitazima ya chumbani," Gatimu alisema. "Huwa naisahau."

Mutahi alikuwa akikwangua sahani yake na kijiko, ingawa haikuwa na kitu. "Mama Murugi," alisema, "na macho yako?"

"Macho yangu nitayaangalia mimi."

Jumatatu aliwasha moto wa mawe matatu katika kibanda cha zamani nyuma ya nyumba, ambacho walikuwa wamekigeuza kuwa stoo ya magunia. Alikuwa amesahau. Mwili haukuwa umesahau. Moshi ulipompanda puani tu, kifua kilimbana na macho yakamwagika, akamwona mama yake amekaa katika kona ile, kitambaa kimefungwa kichwani, akiuliza, "Nani huyo ameingia?" Alivumilia juma zima. Kuni nazo zilikuwa taabu, maana wakati wa neema Mutahi alikuwa amekata miti yote ya mpakani ili apande kahawa hadi kwenye ukingo wa barabara. Wachuka alitumia matawi yaliyopogolewa kwenye mibuni na magunzi ya mahindi, vikawaka vizuri lakini vikaisha upesi.

Juma la pili alishindwa. Asubuhi moja mvua ilikuwa inanyesha, kuni zimelowa, Mutahi ameenda Mukurweini kupeleka maziwa. Wachuka alitazama huku na huku katika nyumba yake mwenyewe kama mwizi, akaweka sufuria ya maharagwe juu ya jiko jeupe, akawasha. Nitazima kabla hayajaiva, alijiambia, nitayamalizia nje.

Hakumaliza hata kukatakata kitunguu. Sauti ilitoka barazani, nyembamba na kali. "Linakimbia! Nani amewasha? Mama, linakimbia!"

Alikuwa Wacera mdogo, ambaye mafua yalimzuia kwenda shule, na ambaye tangu ile Jumamosi alikuwa amejipa kazi ya kulinda mita. Alikuwa amepewa jina la nyanya yake wa Kianyaga, na kwa desturi Wachuka mwenyewe alimwita "mama". Sasa alisimama mlangoni, kamasi zimemtoka, mikono kiunoni, akimwangalia yule aliyemzaa.

"Ni wewe?" aliuliza.

"Ni mimi, mama," Wachuka alijibu, na akazima.

Juma hilohilo jiko jeupe likauzwa. Mwenye hoteli mmoja wa Karatina alikuja na gari akalichukua, naye Wachuka akalifuta vumbi kwa mara ya mwisho, akafunga mlango wake wa kuokea kwa kamba usije ukafunguka njiani. Mutahi alimwuliza kama ana hakika. Akasema, "Likikaa hapa nitaliwasha. Najijua." Hela zake ziliziba deni la stima lote, na ile karatasi iliyokuwa chini ya redio ikatumika kuwashia moto.

Lakini hakukubali kurudi kwa mawe matatu. Katika mkutano wa akina mama wa kanisa aliwahi kusikia habari ya majiko ya udongo yenye bomba la kutolea moshi. Hakuna aliyekuwa amejenga jiko kama hilo Gakindu. Wachuka alichimba udongo wa kichuguu, akauchanganya na mavi ya ng'ombe na majani makavu yaliyokatwakatwa, Murugi na Gatimu wakaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini kama unga wa chapati uliokandwa. Akajenga. Likakauka, likapasuka katikati kama mkate. Akalivunja, akaongeza mchanga, akajenga tena, safari hii akalikausha kivulini chini ya magunia, akilinyunyizia maji kila asubuhi kama mche. Jirani yake Watiri alikuja kutazama, akashika kiuno.

"Wewe Wachuka, umeuza jiko la Mzungu ili ucheze na matope?"

"Nacheza ndiyo. Nipe hilo bati hapo."

Bati ndilo lililokuwa bomba. Alilikunja mwenyewe, likamkata kidole, akafunga kidole akaendelea. Alipowasha mara ya kwanza, moshi ulirudi ndani wote, nyumba ikajaa, kuku wakatoka wakipiga kelele. Bomba lilikuwa fupi. Mutahi ndiye aliyepanda juu ya paa akaliongezea, bila kuombwa, akiwa amevaa shati lake zuri kwa sababu alikuwa anataka kwenda mahali. Na moshi, baada ya kusitasita, ukapata njia yake ukapanda.

Kulikuwa na moshi bado, si uongo. Kila alipofungua mdomo wa jiko kutia kuni, ulimpiga. Lakini Wachuka alijifunza kutofungua mara nyingi. Usiku aliloweka mahindi na maharagwe. Asubuhi aliyachemsha kwa moto uleule wa chai ya watoto, kisha akaitia sufuria, ikiwa bado inatokota, ndani ya kikapu kikubwa alichokijaza majani makavu ya mgomba na blanketi kuukuu, akakifunika kwa mto. Akaenda zake shambani. Mchana alipofunua, githeri ilikuwa imeiva yenyewe, moto wa jana wala wa leo haupo. Gatimu alidai ina ladha ya blanketi, lakini aliongeza sahani.

Jioni moja katika siku hizo, Wachuka alitoka jikoni akijifuta macho kwa upindo wa leso, maana matawi yalikuwa mabichi. Mutahi alikuwa ameketi barazani na chai yake. Alimwona. Aliweka kikombe sakafuni, akainuka, akanyoosha mkono ukutani. Wachuka alisikia swichi ikilia, na ghafla akaona nyota.

"Baba Murugi," alisema, "mimi sikusema tena. Ile taa haili kitu. Wote tuliona."

"Nimeona," Mutahi alisema. "Keti."

Wakaketi pamoja gizani. Baada ya muda alimsikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo na bado anausikia begani.

Habari ziliwafikia kupitia kwa Watiri. Mutahi alikuwa anagombea kiti katika kamati ya kiwanda cha kahawa, na mshindani wake alikuwa Kahiga, mwenye duka sokoni. Wote wawili walikuwa watu wazuri, na mpaka wakati ule watu wengi walikuwa wakimtaja Mutahi. Sasa, Watiri alisema, sokoni hadithi ilikuwa moja: taa ya Mutahi imezimika. Amekatiwa stima. Ameuza mpaka vyombo vya nyumbani, gari la Karatina limeonekana likivibeba. Na kuna waliokuwa wakiuliza, kwa sauti ya huruma yenye meno ndani, ati mtu aliyeshindwa kulipia taa ya nyumba yake ataweza kweli kulinda hela za kahawa za wenzake?

Ni Wachuka aliyeanzisha yote. Jioni ile, kabla mumewe hajatoka kuoga, alikwenda barazani mwenyewe, akaiwasha.

Mutahi alitoka na taulo shingoni. "Nani amewasha?"

"Mimi. Iwake mpaka uchaguzi upite. Ni siku chache, haitatuvunja. Waone kwamba hatujakatwa."

Mutahi alionekana mzee chini ya mwanga ule. Kisha akasema, "Kwa miaka mingi niliapa kwamba hakuna atakayeniamuru nizime. Nikaizima mwenyewe, kwa mkono wangu, kwa sababu zangu. Sasa niiwashe kwa sababu Kahiga ameongea? Huyo si atakuwa ananiamuru mimi?" Akaizima, akaingia kuvaa.

Wachuka hakubishana. Lakini yeye si mtu wa kukaa na mikono mapajani. Jumapili, ibada ilipoisha, aliwaalika akina mama kwake, na wale waliokuwa wakimhurumia zaidi ndio aliowashika mkono. Aliwaonyesha stima ipo, akawasha na kuzima kila chumba mchana kweupe. Aliwaonyesha mita, Wacera mdogo akawaeleza kwa kirefu ni lini gurudumu linatembea na ni lini linakimbia. Aliwapeleka jikoni, akafunua kikapu, akawapakulia. Wengine walisifu. Wengine walikula, wakatazamana. Mama mmoja mzee alisema waziwazi, "Mwanangu, mtu mwenye nacho hapiki kwa blanketi."

Siku ya mkutano, wanachama walikusanyika uani mwa kiwanda, kati ya meza za kuanikia kahawa. Wachuka alisimama na wanawake nyuma, karibu na mtambo wa kumenyea. Kahiga alizungumza vizuri. Hakulitaja lile jambo. Hakuwa na haja. Mutahi alipopewa nafasi, mtu mmoja aliyekuwa amekaa mbele aliuliza kwa sauti, "Na taa je?" Watu wakacheka.

Mutahi alingoja wamalize. "Taa niliizima mimi," alisema. "Stima ninayo, na deni sina. Kahawa imeanguka, mnajua nyote. Mke wangu aliketi na sisi, akatuonyesha kinachokula hela zetu, akaanza kukata kile anachokipenda yeye. Nikaona haya kubaki na changu. Mkinichagua, nitafanya vivyo hivyo hapa. Kamati hii ina gari na ina posho za kukalia vikao. Nitaanza na posho yangu."

Wachuka aliona kwamba ni maneno mazuri na kwamba si yale watu waliyokuja kusikia. Katika mwaka wa dhiki watu walitaka mtu aliyeonekana kuwa dhiki haijamgusa. Mikono ilipoinuliwa na kuhesabiwa, Kahiga alishinda, ingawa si kwa mbali.

Walirudi nyumbani kwa miguu wakipanda kilima. Wachuka alitaka kusema samahani, akawa anatafuta pa kuanzia. Karibu na lango Mutahi alisema, bila kugeuka, "Usiniombe msamaha. Nilisema nilichotaka kusema." Hata hivyo alikuwa mkimya kwa majuma kadhaa. Alipunguza kwenda sokoni, na alipokutana na Kahiga njiani alimsalimia kwa heshima, kisha akatembea haraka kuliko ilivyohitajika. Wachuka alimwacha. Alijua kwamba jeraha la mtu mkimya halitaki kuguswaguswa.

Bili iliyofuata ilikuwa ndogo hata Murugi akadhani wamekosea. Ile iliyofuata nayo ikaja ndogo vilevile. Murugi alirudi shuleni muhula ulipofunguliwa, karo yake mkononi, na hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Mama mzee yule wa kanisani alimtuma mkaza mwanawe kwa Wachuka kuuliza udongo wa kichuguu unachanganywa kiasi gani na mchanga. Baadaye wakaja wengine wawili. Wachuka aliwajengea majiko, akawakaripia walipotaka kuyawasha kabla hayajakauka.

Mvua za masika zilipokaribia, Mutahi alitoka asubuhi na panga na majembe, bila kueleza, akaenda kwenye ukingo wa shamba upande wa barabara. Wachuka alimfuata alipochelewa kurudi, akamkuta akiing'oa mibuni ya mstari wa mwisho, ile iliyozeeka, akiipanga mizizi kando.

"Hizi ni kuni za mwaka mzima," alisema akihema. "Lakini mwaka ukiisha utanunua tena. Pale misheni wanauza miche ya mibariti, ile miti ya kuni inayokua upesi. Nimeagiza. Tukipanda sasa, Gatimu akimaliza shule utakuwa unapogoa matawi hapa hapa."

"Kahawa je?"

"Kahawa itajibana. Na sisi tumejibana."

Wachuka alivua viatu, akazifunga leso zake kiunoni, akachukua jembe. Walichimba mashimo mpakani kote, wakibishana kuhusu nafasi: Mutahi alitaka karibu karibu, Wachuka alitaka wazi ili mizizi isipigane. Wachuka akashinda. Miche ilipofika kwa mkokoteni, mvua ya kwanza ilikuwa imeshaanza kudondoka, nzito na baridi, ikitoka upande wa Mlima. Watoto walitoka shuleni wakakuta wazazi wamelowa chapachapa. Murugi alitaka kusema waingie ndani wangoje. Akawatazama, akavua sweta lake la shule, akalitundika kwenye lango, akachukua miche akawapelekea mikononi, mmoja mmoja, mpaka mkokoteni ukabaki mtupu.